Hamsini kwa Sekunde

Gereji ya Ghala, nyuma ya duka la matairi,
ndipo tulipoanzia, wanne na feni moja mbovu:
Mundhiri gitaa,
Zuwena kinanda na vile visanduku vyake vya nyaya,
Biju besi, ambaye mchana aliuza vigae Wadi Kabir,
na mimi ngoma. Mbili tu zilikuwa zangu.
Ya tatu niliiazima shuleni, sijairudisha hadi leo.

"Nani ataimba?"
Aliuliza mwenye gereji, akauliza baba yake Mundhiri,
akauliza hata yule kijana wa chai ya karaki.
Tulijaribu, wallahi.
Kwa Kiarabu, Biju alizimeza silabi kama miba ya nguru.
Kwa Kiswahili, Mundhiri akasema hicho ni cha bibi yangu,
cha kugombezea watoto na kuhesabia chapati.
Kwa Kimalayalamu, sisi watatu tukawa mabubu wenye adabu.
Basi tunyamaze, akasema Zuwena,
tuone nani atasikia.

Julai, saa sita usiku, lami bado inatema joto.
Kiyoyozi cha jirani kinanguruma ukutani.
Zuwena akakisogezea maikrofoni
kama daktari na kifua cha mgonjwa.
Umeme wa nchi hii una noti yake, akasema:
hamsini kwa sekunde, usiku kucha, haupumui.
Sisi tuliozoea kuulaani mvumo ule kwenye spika
tukaacha kuuziba. Tukazilinganisha nyuzi nao.
Gitaa likashuka, besi likashuka,
hata ngoma nikailegeza ngozi,
mpaka pwani nzima, Sohari hadi Suri,
ikawa uzi mmoja wa zeze.

Kanda ya kwanza tuliiita Kompresa. Nakala mia mbili.
Zilinunuliwa kumi na tisa, na saba kati ya hizo
alichukua mjomba, akazigawa harusini Barka
pamoja na halua. Wageni wakazitia garini
wakarudi njia nzima wakisikiliza injini zao kwa hofu.

Halafu Dubai, ghala lililokuwa la mbao,
watu sitini wamesimama, mmoja akilia,
wala hatukujua kwa nini.
Halafu Kuwait: kipande cha dakika ishirini na mbili,
na mtu wa mwisho aliondoka dakika ya kumi na tisa.
Mundhiri alikuwa amefumba macho.
Hatujamwambia.

Mwaka wa kimbunga, wadi ilipita ndani ya gereji
bila kubisha hodi.
Visanduku vya Zuwena alivianika juu ya paa,
akavizika kwenye mchele, akavisomea.
Kimoja kikawaka. Sauti yake ya zamani imekwenda;
kilitoa kitu kati ya mbuzi na bawaba.
Albamu ya pili yote ni kitu kile.
Ndiyo waliyoisifu. Wakasema tumekomaa.
Yalikuwa maji.

Duka la vigae lilifungwa Machi, kibali cha Biju kikaisha Aprili.
Besi aliiacha juu ya kiti, imechomekwa, inavuma.
Tangu hapo sehemu yake hatukumpa mtu.
Tunaipita kama unavyopita kitanda cha msafiri.

Mama alikuja mara moja, onyesho la mwisho, Ruwi.
Alikaa mbele, mkoba mapajani,
mtu wa Ng'ambo, aliyekulia kwenye maneno.
Tulipomaliza akaniuliza:
"Maneno mliyoyatoa, mmeyaweka wapi?"
Nikajifanya nakunja nyaya.

Siku hizi nasoma mita kwenye mtambo wa maji, Ghubra.
Jana usiku Mabela umeme ulikatika, mtaa mzima.
Viyoyozi vikashusha pumzi kimoja kimoja.
Kimya kile sijapata kukipiga.
Jikoni, gizani, mama anahesabu chapati:
moja, mbili, tatu, nne,
akakosea, akaanza upya,
na mguu wangu, bila kuniuliza,
ukamfuata.